WINNETKA: MJI MDOGO WA MATAJIRI NA MAFUNZO YAKE

Kando ya Ziwa Michigan, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, kama maili 16 kaskazini ya kitovu cha jiji la Chicago, uko mji mdogo uitwao Winnetka. Eneo lake halifiki maili 4 za mraba, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 wakazi wake walikuwa 12,744. Watu wa idadi hiyo wangeweza kuketi wote katika kiwanja kimoja kikubwa cha mpira na viti vikabaki. Hata hivyo jina la mji huo limetajwa mara nyingi katika vitabu vya elimu ya watoto na katika historia ya kupigania haki. Hata watazamaji wa sinema wameuona bila kujua, maana nyumba iliyoonekana katika filamu ya Home Alone ya mwaka 1990 iko huko.

Winnetka si mji wa bandari, wala wa machimbo, wala wa viwanda vikubwa. Ni mji wa kukaa. Tangu zamani wengi wa wenye nyumba wamekuwa mawakili, madaktari, wakuu wa benki na wenye makampuni ambao kazi zao ziko Chicago. Asubuhi hupanda gari moshi kwenda jijini, na jioni hurudi penye miti mikubwa, nyasi zilizokatwa vizuri na upepo wa ziwa. Katika takwimu za Serikali ya Marekani, pato la kati la nyumba kwa mwaka huandikwa mpaka kufikia dola 250,000 tu. Pato la Winnetka limepita mpaka huo, hata huandikwa kwamba ni zaidi ya hapo, basi.

Huenda msomaji akasema, "Penye fedha nyingi, uzuri wa mji una ajabu gani?" Swali hilo ni la haki. Lakini ipo miji mingi yenye matajiri ambayo haina la kumfundisha mtu. Winnetka una mafunzo mawili. La kwanza ni jinsi watu wa mji mdogo walivyokubali kutoza kodi, kufanya shauri pamoja na kujijengea mambo yao wenyewe. La pili ni jinsi mji huo huo ulivyowafungia wengine mlango kwa muda mrefu, na jinsi mlango huo ulivyogongwa. Asomaye fungo la kwanza bila la pili hajaujua mji huo.

Mwanzo wa mji

Nchi ile ilikuwa ya Wapotawatomi, watu wenyeji wa Marekani, mpaka walipoitoa kwa mikataba ya mwaka 1829 na 1833 na wengi wao wakahamishwa kwenda magharibi. Mwaka 1836 jamaa moja ya walowezi ilifungua nyumba ya wageni kando ya njia ya zamani iendayo Green Bay, ili wasafiri wapate chakula na mahali pa kulala. Mwaka 1854 viwanja vya mji vilipimwa na Bwana Charles Peck pamoja na Bwana Walter Gurnee, ambaye alikuwa mkubwa wa kampuni ya reli. Mwaka uliofuata gari moshi lilianza kupita. Mwaka 1869 Winnetka ukapewa hati ya kuwa mji wenye kujitawala katika mambo yake.

Kwa hiyo mji huu ni mtoto wa reli. Bila reli, mtu afanyaye kazi Chicago asingeweza kulala Winnetka. Mpaka leo mji huo mdogo una stesheni tatu, na zote zinatumika.

Mambo ya mji huamuliwa na baraza la watu saba, yaani mwenyekiti na madiwani sita, ambao huchaguliwa na wakazi. Hawa hawalipwi mshahara. Kazi ya kila siku hufanywa na meneja anayeajiriwa kwa ujuzi wake, naye huwajibika mbele ya baraza. Yaani wanaoamua ni wakazi wenyewe, na anayetenda ni mtu aliyesomea kazi hiyo. Mambo hayo mawili hayachanganywi.

Stima na maji

Mwishoni mwa karne ya 19 makampuni ya watu binafsi yalikuwa yakiuza stima, maji na gesi katika miji mingi ya Marekani, na mara nyingi yaliweka bei yapendavyo. Katika Winnetka alikaa mwandishi mmoja mashuhuri, Bwana Henry Demarest Lloyd, mzaliwa wa New York. Mwaka 1894 alitoa kitabu kilichoeleza ubaya wa makampuni makubwa yanayoshika biashara nzima peke yao bila mshindani. Bwana Lloyd aliwashauri jirani zake kwamba vitu ambavyo kila nyumba haina budi kuvitumia vifaa kuwa mali ya mji wenyewe.

Ushauri huo ulikubaliwa. Mji ulikuwa umekwisha kujenga mitambo yake ya maji kando ya ziwa mwaka 1893, na mwaka 1900 ukajenga mtambo wake wa stima. Zaidi ya miaka mia imepita, na mpaka leo mkazi wa Winnetka hulipia stima na maji yake kwa mji, si kwa kampuni ya mwenye faida. Akiona hesabu haikukaa sawa, huenda kuuliza katika baraza alilolichagua mwenyewe.

Jambo hili lastahili kuangaliwa sana. Waliolikubali walikuwa watu wenye mali, ambao kwa kawaida hupenda kila mtu ajitegemee kwa mfuko wake. Lakini waliona kwamba bomba la maji halipitishwi na mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kiwe kimevishwa pete ya dhahabu.

Reli yashushwa chini

Reli iliyouzaa mji iliuletea pia msiba. Njia za gari moshi zilipita katikati ya mji, sawasawa na barabara, na watu wengi waliuawa walipokuwa wakivuka. Kwa miaka mingi jambo lilizungumzwa bila kutendeka, kwa kuwa gharama ilikuwa kubwa na kila upande ulitaka upande mwingine ulipe. Vifo vilivyotokea mwaka 1937 viliwaudhi wakazi wasiweze kuvumilia tena.

Kazi ilianza mwaka 1938 na kumalizika mwaka 1943. Reli ilichimbiwa njia chini ya usawa wa mji, na barabara zikapitishwa juu yake kwa madaraja. Gharama zilichangwa na Serikali ya Marekani, makampuni ya reli na mji wenyewe. Wakati huo Serikali ilikuwa na idara maalum ya kujenga kazi za umma ili watu wasio na ajira wapate kazi, na mkuu wake alikuwa Bwana Harold Ickes, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na nyumba Winnetka. Hapana shaka kujuana kulisaidia. Lakini pia hapana shaka kwamba mji uliokuwa haujatayarisha michoro wala kuchanga fedha zake usingaliweza kupokea msaada huo.

Mtoto ajifunze kwa mwendo wake

Sifa kubwa ya Winnetka ilitoka katika shule zake. Mwaka 1919 halmashauri ya elimu ya mji ilimwita kijana mmoja kutoka California, Bwana Carleton Washburne, awe mkuu wa shule za watoto. Alikaa katika kazi hiyo mpaka mwaka 1943, na utaratibu alioufanya ukajulikana ulimwenguni kama Mpango wa Winnetka.

Bwana Washburne aliona jambo ambalo kila mwalimu analijua lakini si wote wanaothubutu kulitengeneza. Katika darasa moja, mtoto huyu huelewa hesabu ya kugawanya kwa wiki moja, na yule huhitaji wiki nne. Mwalimu akienda upesi, yule wa pili huachwa nyuma na kuitwa mjinga. Akienda polepole, yule wa kwanza huchoka na kuanza utundu. Basi masomo ya hesabu, kusoma na tahajia yaligawanywa vipande vidogo vidogo, na kila mtoto akapewa vitabu vya mazoezi vilivyoandikwa ili aweze kujiongoza. Alipomaliza kipande alijipima mwenyewe. Alipoona yuko tayari, mwalimu alimpima. Akishinda aliendelea mbele. Kama bado, alirudia pale tu alipokosa. Hakulazimishwa kurudia mwaka mzima kwa sababu ya somo moja.

Huenda mtu akaogopa kwamba watoto wa namna hiyo watakua kila mmoja kivyake, bila kujua kushirikiana na wenzao. Bwana Washburne alilijua hilo. Kwa hiyo sehemu nyingine ya siku, asubuhi na alasiri, iliwekwa kwa kazi za pamoja: michezo ya kuigiza, uchoraji, muziki, mikutano ya wanafunzi, na kazi za mikono. Humo hapakuwa na alama wala mitihani. Walimu kutoka nchi mbalimbali walikuja kutazama. Bwana Washburne alipoondoka mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikwenda Italia kusaidia kufungua upya shule zilizoharibiwa na vita na utawala wa Mafashisti.

Mwaka 1940 ilifunguliwa shule ya Crow Island, iliyochorwa na Eliel Saarinen na mwanawe Eero, wazaliwa wa Finland, pamoja na wachoraji majengo wa Chicago. Kabla ya kuchora, waliwauliza walimu haja zao. Kila darasa likajengwa kwa umbo la herufi L, likiwa na choo chake na uwanja wake mdogo wa nje. Viti na swichi za taa viliwekwa kwa kimo cha mtoto, si cha mtu mzima. Shule nyingi za nchi nyingine zilijengwa baadaye kwa kuifuata.

Shule ya vipofu kwa njia ya posta

Lipo jambo jingine lisilojulikana sana. Katika Winnetka aliishi mwalimu wa shule ya sekondari aitwaye Bwana William Hadley, aliyepofuka akiwa na umri wa miaka 55. Hakukubali kukaa bure. Alijifunza kusoma kwa vidole maandishi ya nukta yaitwayo Breli, kisha akawaza juu ya vipofu wengine walio mbali na shule. Mwaka 1920, akisaidiwa na jirani yake aliyekuwa daktari wa macho, alianzisha shule ya kufundisha vipofu kwa barua. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa mama wa nyumbani katika jimbo la Kansas, ambaye naye alikuwa amepoteza macho na alitamani kusoma tena. Masomo yalitolewa bila malipo, na shule hiyo ikaja kuwa na wanafunzi katika nchi nyingi.

Mlango uliofungwa

Wazee wa Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Historia ya Winnetka inaithibitisha methali hiyo. Bwana Lloyd alitoka New York, Bwana Washburne aliitwa kutoka California, na Saarinen na mwanawe walizaliwa ng'ambo ya bahari. Kila mmoja alikuja mgeni, na wenyeji wakapona.

Lakini si kila mgeni aliyekaribishwa. Katika vitongoji vingi vya Marekani vya wakati huo, hati za viwanja zilikuwa na masharti kwamba nyumba isiuzwe wala kupangishwa kwa mtu asiye mzungu. Kenilworth, mji jirani wa Winnetka upande wa kusini ulioanzishwa mwaka 1889, ulijulikana kwa masharti ya namna hiyo. Wakenya waliokua kabla ya Uhuru wa mwaka 1963 hawahitaji kuelezwa sana jambo hilo, maana hati za viwanja katika sehemu za juu za Nairobi zilikuwa na masharti ya jamaa moja na hayo.

Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba hakuna mahakama iwezayo kuyatilia nguvu masharti hayo. Hata hivyo mlango haukufunguka. Kazi iliyofanywa zamani na hati ikafanywa sasa na madalali wa nyumba. Mtu mweusi mwenye fedha zake mkononi aliambiwa kwamba nyumba imekwisha kuuzwa, au hakuonyeshwa kabisa. Evanston, mji mkubwa zaidi ulio kusini, ulikuwa na Wamarekani Weusi wengi, na baadhi yao walifanya kazi za nyumbani kwa matajiri wa pwani ile. Mtu aliweza kupika chakula cha nyumba na kulea watoto wake, lakini hakuweza kuinunua nyumba ya jirani.

Tarehe 25 Julai 1965

Katika majira ya joto ya mwaka 1965 wanafunzi wa vyuo na wakazi wa pwani ile, wengi wao wazungu, walianzisha kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba. Waliwauliza wenye nyumba zinazouzwa kama wangekubali kumwuzia mtu yeyote bila kujali rangi yake. Madalali walikuwa wakisema kwamba wao wanatii tu matakwa ya wenye nyumba. Basi vijana hao walitaka wenye nyumba wajibu wenyewe.

Tarehe 25 Julai, Dakta Martin Luther King alifika Winnetka akahutubia mkutano mkubwa katika uwanja wa nyasi ulio katikati ya mji. Waliokusanyika walikadiriwa kuwa kati ya 8,000 na 10,000, hesabu inayokaribia watu wa mji mzima. Siku zilizotangulia alikuwa amezunguka mitaa ya maskini ya Chicago, na kesho yake aliongoza maandamano kwenda makao ya utawala wa jiji hilo. Mwaka uliofuata alihamia kwa muda katika nyumba ya kupanga katika mtaa wa maskini wa Chicago, ili dunia ione hali ya watu walionyimwa mahali pengine pa kukaa.

Dakta King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968. Siku saba baadaye, tarehe 11 Aprili, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria inayokataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi, dini au taifa lake. Katika uwanja ule wa Winnetka limewekwa jiwe la ukumbusho wa siku aliyohutubia.

Bei ikawa ukuta

Je, mlango ulifunguka? Kisheria, ndiyo. Lakini katika hesabu ya mwaka 2020, miaka 52 baada ya sheria hiyo, Wamarekani Weusi wa Winnetka hawakufika mmoja katika kila watu mia. Sababu moja ni rahisi kueleza. Katika Illinois shule hutegemea sana kodi ya nyumba na ardhi za mahali pale pale. Nyumba za bei kubwa huleta kodi nyingi. Kodi nyingi huleta shule nzuri. Shule nzuri huwavuta wazazi, na wazazi wakigombea nyumba chache, bei hupanda tena. Mduara huo hauna haja ya dalali mbaya. Huzunguka wenyewe, na asiye na mali hubaki nje.

Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kutolingana kwa fedha za shule kwa sababu ya kodi ya namna hiyo hakuvunji katiba ya nchi. Mwaka 2003 jimbo la Illinois lilitunga sheria ya kuitaka miji yenye nyumba chache mno za watu wa kipato cha kawaida itengeneze mipango ya kuziongeza. Winnetka ni mmoja wa miji iliyoguswa na sheria hiyo, na kila shauri linapoletwa barazani huzua mabishano makali. Wengine huona kwamba mwalimu na mzima moto wa mji wastahili kuweza kulala katika mji wanaouhudumia. Wengine huogopa kwamba sura ya mji itabadilika na bei za nyumba zao kushuka.

Mafunzo

Msomaji wa kijijini au wa mjini hawezi kuuiga utajiri wa Winnetka, wala hana haja. Lakini yale yaliyousifisha mji huo hayakutoka yote katika utajiri. Kumpima mtoto kwa mwendo wake, kuwauliza walimu kabla ya kujenga shule, kuwafundisha vipofu kwa barua, madiwani kutumika bila mshahara, na kukubaliana kwamba maji ni jambo la wote: hayo yaweza kufikiriwa hata katika lokesheni ndogo yenye kodi kidogo.

La pili ni la kuonya. Mji waweza kuwa na taa, maji safi, shule bora na barabara zisizoua, na bado ukawa na deni kwa wale waliozuiliwa wasiingie. Hati ikifutwa, bei yaweza kuifanya kazi yake kimya kimya. Kwa hiyo mipango ya mji mpya haina budi kujibu maswali mawili kwa pamoja: tutajenga nini, na nani ataruhusiwa kukaa humo.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya kusoma:

1. Ni huduma zipi mahali penu ambazo zafaa kuwa mali ya watu wote, na nani atazisimamia?
2. Je, mtoto akishindwa somo moja, ni haki arudie mwaka mzima?
3. Walimu, wauguzi na wafagiaji wa mji wenu wanakaa wapi? Je, wanaweza kupata nyumba karibu na kazi yao?